Bosi Hujulikana Siku Unayoaga

Watu wakitaka kumpima kiongozi humtazama siku anayoingia. Husikiliza hotuba, huhesabu ahadi, huangalia kama amemsalimia bawabu getini. Kazini nako ni vivyo hivyo: meneja mpya akimaliza wiki moja tu, kila mtu ana lake la kusema. Mimi nimeishi kwenye uchapishaji tangu nimalize shule, kwanza Nakuru na sasa Kisumu, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo ninavyoona kwamba siku ya kuingia haikwambii lolote. Mkubwa wako utamjua siku mtu atakapomwendea na kumwambia, "Bosi, mwezi huu ndio wangu wa mwisho." Au siku yeye mwenyewe atakapoamua kwamba fulani hatakiwi tena. Hapo hana faida anayoitarajia kwa mtu huyo, wala hana haja ya kumbembeleza. Atakalofanya atalifanya kwa sababu ndivyo alivyo.

Nayasema haya nikiwa upande wa wakubwa wanaoagwa, maana siku hizi ndimi ninayesimamia zamu, na barua za wafanyakazi huanzia mezani kwangu. Msomaji asidhani ni manung'uniko ya mfanyakazi peke yake, ingawa manung'uniko nayo yamo.

Bosi wangu wa kwanza, kule Nakuru, alikuwa mtu wa kupendeza. Jumatatu asubuhi tulianza kwa maombi. Desemba alitununulia mbuzi. Alijua majina ya watoto wetu, na ukifiwa alikuwa wa kwanza kufika kwenu, hata kama kwenu ni Busia ndani ndani na mvua imekula barabara. Mgeni akiingia kiwandani angedhani amefika nyumbani kwa mtu. Lakini mfanyakazi akiomba kuondoka, bosi yule aligeuka siku hiyo hiyo. Alitoa daftari la mahudhurio kwenye droo, akatafuta jina la mtu, akalikata kwa kalamu nyekundu, mstari juu ya mstari, mpaka karatasi ikatoboka na jina lililokuwa ukurasa wa chini yake nalo likaguswa. Kisha alitukusanya karibu na mashine ya kukatia karatasi na kutueleza kwamba aliyeondoka alikuwa mvivu, au mwizi, au ametumwa na washindani. Mtu yule yule aliyemwombea baraka Jumatatu.

Tulisikiliza, tukatikisa vichwa, tukarudi kazini. Na kila mmoja wetu alikuwa ameelewa vizuri sana: ukitaka kuondoka hapa, usiseme.

Matokeo yake yakawa hayo. Sheria inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28, lakini pale hakuna aliyetoa hata ya siku moja. Watu walipokea mshahara Ijumaa, na Jumatatu simu zao zikawa hazipatikani. Fundi wetu mmoja aliondoka hivyo, na akaondoka na siri za mashine kichwani. Kulikuwa na rola iliyokuwa ikiteleza ikishika joto, na yeye peke yake alijua pa kuchomeka kipande cha kadibodi ili itulie. Tuliharibu karatasi mpaka sakafu ikajaa. Bosi akasema tumehujumiwa. Mimi nilikuwa nikiokota karatasi zile huku nikiwaza kwamba hakuna aliyemhujumu. Aliwafundisha watu kutoroka, nao wakafuzu.

Nilipoondoka mimi nilitoa notisi kwa maandishi, nikiwa na matumaini ya kijinga kidogo. Nilikatwa kwa wino mwekundu kama wenzangu, na cheti cha kazi sikukiona.

Cheti cha kazi si hisani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti chenye jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza, kazi aliyofanya na mahali alipoifanyia, na tarehe aliyomaliza. Asiyestahili ni yule tu ambaye hakutimiza wiki nne mfululizo. Mwajiri akikataa kwa makusudi au kwa uzembe, au akiandika humo jambo analojua ni uongo, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili. Halafu kuna sentensi moja ambayo nilipoisoma nilicheka peke yangu: hakuna mwajiri anayelazimika kuandika lolote kuhusu tabia ya mfanyakazi wala utendaji wake. Yaani yale ambayo wakubwa wengi hupenda kuyasema, sheria haiyadai. Inalolidai ni karatasi moja ya tarehe, na hiyo ndiyo wanayoificha.

Kuificha huko kuna asili yake hapa kwetu. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kipande mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kuitekeleza. Mwanamume Mwafrika alibeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, ndani ya kibweta cha chuma kinachoning'inia shingoni. Wazee wetu walikichukia kibweta chenyewe, lakini makali ya kipande yalikuwa kwenye sahihi ya mwisho. Mwajiri asipoandika kwamba amekuachilia, huandikwi kazi kwingine, na ukikutwa njiani wewe ni mtoro wa kukamatwa. Desemba 1921 watu walipokusanyika Lundha, kule Gem, kwenye mkutano ulioanzisha vuguvugu la Piny Owacho, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyakataa, pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa. Karne moja imepita. Kipande kilikwisha, lakini ile ladha ya kushikilia sahihi ya mtu mwingine, ukijua anaihitaji ndipo maisha yake yasonge, naona baadhi yetu tuliirithi bila kuulizwa.

Basi nikafika Kisumu sina cheti. Mzee mwenye kiwanda hakuniuliza karatasi yoyote. Aliniletea rimu moja, akaiweka mezani, akasema, "Ipepete." Anayejua kazi hii ataelewa. Karatasi ikikaa kwenye rimu hushikana, na ukiilisha mashine hivyo hivyo itameza mbili mbili. Unaikunja kidogo kwenye kona, unaachia hewa ipite kati ya karatasi na karatasi, unageuza upande wa pili, kisha unaigonga mezani mpaka kingo zikae sawa. Mikono ndiyo inayosema, mdomo hausaidii. Mzee alitazama mikono yangu, hakutazama uso. Akasema, "Kesho saa moja." Huo ndio usaili wote.

Alikuwa ameianza kazi hii zamani, wakati karatasi nyingi ya huku ilitoka Webuye, na aliyewahi kupita barabara ile kuelekea Malaba anakumbuka harufu iliyokupokea kabla hujauona mji. Kiwanda cha Webuye kilifungwa mwaka 2009. Mumias nako kampuni ya sukari ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni, mwaka 2019. Mzee alikuwa na tabia ya kuitaja miji hiyo miwili kila tulipolalamika kuhusu mishahara, na kwa kweli ilikuwa hila, kwa sababu nyongeza tuliyoomba haikuwa ya kuangusha kiwanda. Simsifu kwa kila jambo. Alikuwa bahili, na chai ya saa nne ilikuwa maji yenye rangi.

Lakini kuaga alijua.

Sikuwa nimekaa sana pale wakati fundi wetu mkuu wa mashine ya kuchapia ya Heidelberg alipokuja kusema amepata kazi kwa jirani, eneo lile lile la viwanda, karibu hata kutuona dirishani. Mshindani wetu kabisa. Nilitega sikio nikingoja kalamu nyekundu. Mzee akamuuliza huko atalipwa ngapi. Akatajiwa. Akakaa kimya, akasema, "Hizo sina, omera. Nenda." Omera kwa Dholuo ni ndugu. Kisha akamwomba jambo ambalo sijawahi kusikia bosi mwingine akiliomba. Alimtaka, siku zilizobaki za notisi, kila jioni akae na kijana atakayeshika nafasi yake na kumtajia kasoro zote za mashine ile. Kuiendesha kijana alikuwa anajua. Mzee alitaka madhaifu: upande gani rola ya maji hukauka mapema jua likiwa kali, ni gripa ipi, yaani kishikio cha karatasi, imelegea na kuvuta karatasi mshazari, wino upi ukiachwa usiku kucha lazima ukorogwe upya. Kijana aliyaandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Daftari hilo tunalo mpaka leo, kurasa zina madoa ya vidole, na bado linatusaidia.

Siku ya mwisho fundi alilipwa siku za likizo alizokuwa hajazichukua. Sheria inampa mtu siku 21 za kazi kwa mwaka, na wengi wetu huondoka bila kuzihesabu. Mzee alizihesabu mwenyewe kwa penseli, mbele yake. Cheti chake kilichapwa kwenye ile karatasi nene ya rangi ya krimu tuliyokuwa tukiitunzia kadi za harusi. Sahihi, mhuri, soda moja moja kwa kila mtu, basi.

Baadaye sana mashine ilituharibikia Alhamisi usiku, kazi ya watu ikiwa katikati. Mzee alimpigia fundi yule yule. Alikuja. Naomba nisipambe habari hii: hakuja kwa wema. Alitoza bei ya usiku, bei kamili, na mzee alimlipa bila kuomba apunguziwe hata shilingi, yeye aliyekuwa akibishana na muuza ndizi. Lakini alikuja, na simu aliipokea. Yule fundi wa Nakuru asingeipokea, na kama angeipokea ingekuwa ili amcheke mtu.

Kuhusu simu, hapo ndipo pana uovu ambao hauachi alama. Kisumu ni jiji, lakini wachapishaji wa Kisumu ni kijiji. Mtu akiomba kazi kwa fulani, fulani ataniuliza mimi, "Huyu unamfahamu?" Huhitaji kusema uongo ili umharibie. Shusha tu pumzi kabla ya kujibu. Sema "aaah... huyo," kisha ongeza, "jaribu tu, mtaona wenyewe." Umemaliza maisha ya mtu na hukusema neno hata moja la kushtakiwa. Nimewasikia watu wanaoheshimika kanisani wakifanya hivyo huku wakitafuna karanga. Mzee alikuwa na jibu lake moja. Alisema alichokiona, zuri na baya, kwa sauti ile ile, halafu akamalizia, "Na yeye pia mwulize kuhusu mimi." Wengi walidhani ni utani. Nadhani alikuwa akimaanisha hivyo, kwa sababu alijua yule mtu ana lake la kusema, hasa kuhusu chai.

Upande wa pili wa jambo hili ni sifa za bure. Mbele ya kiwanda chetu tuna meza ya saiba, watu huja kuchapiwa barua, na barua za sifa nimechapa mpaka nazijua kwa moyo: mchapakazi, mwaminifu, ana bidii, hufanya kazi bila kusimamiwa, tunamtakia kila la heri. Mwajiri huja ana haraka, anasema, "Weka tu maneno mazuri." Barua ya dereva na barua ya mhasibu hutofautiana jina. Anayeipokea naye ameshazoea, anaruka mistari hiyo na kutafuta namba ya simu, ili aje kusikiliza hiyo pumzi niliyosema. Ukitaka kazi ya serikali ni makaratasi zaidi: ya KRA kwamba hudaiwi kodi, ya HELB kwamba umelipa mkopo wa masomo, ya EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ya ofisi inayoweka rekodi za wakopaji, na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi baada ya kutiwa wino vidoleni. Sura ya Sita ya katiba yetu ya 2010 inasema kwamba madaraka ni amana, na mwenye nayo amepewa jukumu la kuwatumikia wananchi, hakupewa nguvu za kuwatawala. Maneno mazuri kabisa. Lakini katika faili nzima ya anayetaka ukubwa hakuna karatasi hata moja kutoka kwa mtu aliyewahi kuwa chini yake. Tunajua hadaiwi na benki. Hatujui kama kuna mfagiaji anayemdai.

Mimi nikiandika barua ya sifa huandika jambo nililoliona kwa macho yangu. "Alikuwa akifunga duka peke yake na hesabu ya jioni haikuwahi kupungua." "Akiharibu kazi huja kusema kabla mteja hajagundua." Kijana mmoja alinirudishia barua akilalamika kwamba ni fupi na haina neno bidii. Nikamwambia aipeleke hivyo hivyo. Aliipeleka akiwa na uso wa mtu aliyepunjwa.

Na sasa nije kwenye programu za mazishi, maana hizo ndizo zilizonifanya nifikirie haya yote. Huku magharibi, nje ya msimu wa uchaguzi, kiwanda kidogo cha uchapishaji kinakula kwa programu za mazishi. Mazishi mengi ni Jumamosi, mwili hutoka mochari Alhamisi au Ijumaa, kwa hiyo usiku wa Jumatano na Alhamisi hatulali. Familia huleta picha, wasifu, ratiba, risala za mjane, za watoto, za wakwe, za kanisa. Risala ya mwajiri huwa ya mwisho kufika. Inakuja kwa WhatsApp saa nne usiku, mara nyingi kutoka kwa karani ambaye hakumfahamu marehemu, pamoja na nembo ya kampuni na agizo kwamba nembo isiwe ndogo. Pengo lisilozibika. Nguzo ya kampuni. Alitumika kwa moyo wa kujitoa.

Usiku mmoja nilikuwa nikipanga kurasa nikaona sura ninayoijua. Mtu yule alikuwa amekuja mezani kwetu akiwa mzima, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akanisomea polepole barua ya kudai malipo yake ya mwisho kutoka kwa kampuni iliyomwachisha kazi. Aliirekebisha mara kadhaa ili isionekane ya hasira. Alitaka waone kwamba ana adabu. Sijui kama walimlipa, lakini cheti hakupata, kwa kuwa alirudi tena kuchapa barua ya kukiomba. Na sasa hapa pana ukurasa mzima, rangi nne, karatasi ya kung'aa, kampuni ile ile ikisema kwamba mlango wake ulikuwa wazi kwake daima. Niliupanga ukurasa. Nembo nikaiweka juu kulia kama walivyotaka. Mjane wake alikuwa amelipia programu zote, hata kurasa za waliomsumbua.

Sina ugomvi na kusifu wafu. Ninachosema ni kwamba maneno tunayo. Hatukosi msamiati wa kumwambia mtu kwamba kazi yake tuliiona. Tunangoja tu mpaka asiweze kuyatumia kutafutia kazi nyingine.

Kumwachisha mtu ni kugumu zaidi kuliko kumwacha aende, na hapo nilimwona mzee akifanya jambo ambalo hata mimi halikuniingia mara moja. Mama mmoja aliyekuwa akitufanyia usafi alishukiwa kuuza karatasi, si mabaki ya kukata, bali rimu nzima ambazo hazijafunguliwa. Mwana wa mzee alikuwa ametoka chuo, ameanza kushika ofisi, naye ndiye aliyeendesha kikao. Kifungu cha 41 cha ile Sheria ya Ajira kinasema kabla hujamfukuza mtu umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua au mwakilishi wa chama, na usikilize anachosema. Mama alinichagua mimi. Kijana akaanza kwa Kiingereza, Kiingereza cha barua, maneno marefu marefu. Mama akawa anamtazama mdomoni. Mzee alikuwa amekaa pembeni kama mtu asiyehusika. Akamwacha amalize, kisha akamwambia kwa upole, "Sasa anza tena. Kwa Dholuo. Uko mbele ya mama yako."

Alipoanza tena kila kitu kilibadilika, kwa sababu kwa Dholuo alilazimika kumwita mama, na ukishamwita mtu mama huwezi kumwambia mambo fulani kwa namna fulani. Mama akakubali. Alizichukua, akazitaja zilikokwenda, akalia kidogo. Aliachishwa kazi. Mzee hakumsamehe, na sidhani alipaswa. Lakini alilipwa mpaka siku ile, pamoja na siku zake za likizo, na akapewa cheti: jina, kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Neno wizi halikuwamo.

Wafanyakazi walikasirika. Mwizi anapewaje cheti sawa na sisi? Nilimpelekea mzee swali hilo, na nilikuwa nalo mimi mwenyewe. Alinijibu bila kuinua macho kwenye hesabu zake: cheti kinasema alifagia hapa miaka ile yote, na je, hakufagia? Nikaondoka bila jibu. Bado sina hakika asilimia mia. Mwajiri mwingine angependa kujua, na akipiga simu mzee angemwambia ukweli bila kuficha. Lakini naona sasa alichokuwa akikikataa. Alikataa kosa moja liwe ndilo historia nzima ya mtu, tena kwa maandishi yenye mhuri wake.

Nikimsifu hivyo ni lazima niseme na lililomshinda. Kuaga wengine alijua. Kuondoka mwenyewe hakuweza. Alimkabidhi mwanawe kiwanda mbele yetu sote, kwa sala na pilau. Kesho yake asubuhi alikuwa pale, kwenye stuli yake karibu na mashine. Funguo za stoo ya karatasi hakuzitoa. Kijana akiagiza wino, mzee anaghairi. Mteja akipewa bei, anatoka nje kumfuata mzee apunguziwe, na mzee anapunguza, yule yule bahili! Tulikuwa na mabosi wawili na kila mmoja alitutuma kwa mwenzake.

Kwa viongozi wakubwa nako ni hivyo hivyo. Nyerere husifiwa kwa kung'atuka urais mwaka 1985, na anastahili sifa hizo, lakini uenyekiti wa chama aliushikilia hadi 1990, Mwinyi akiwa tayari Ikulu. Huo ulikuwa ufunguo wa stoo. Moi, ambaye watu wa Nakuru tulimzoea kama jirani wa Kabarak, alikabidhi madaraka Desemba 2002 baada ya mteule wake kushindwa kura. Umati wa Uhuru Park ukamzomea na kumrushia matope, na Kibaki, akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali, akasema Moi akimsikia kwamba anarithi nchi iliyoharibiwa na miaka ya uongozi mbaya. Mengi yaliyosemwa siku ile yalikuwa kweli. Waliopitia vyumba vya mateso vya Nyayo House wanajua kuliko mimi. Kisha Februari 2020 Moi akafariki, na nchi ile ile ikamiminia sifa jeneza lake kwa wiki nzima. Mimi nilibaki nikijiuliza ni lini kati ya siku hizo mbili tulisema alichokuwa. Lakini alikuja pale uwanjani. Aliketi, akasikiliza, akaenda zake Kabarak, na kiti hakukirudia. Kwa hilo peke yake, mzee wangu angejifunza kwake.

Mwishowe maradhi ndiyo yaliyomtoa mzee kwenye stuli, na sasa mwanawe anaendesha kazi vizuri tu. Chai imekolea. Kuaga bado hajui. Anapoombwa ruhusa ya kuondoka hununa siku mbili tatu kabla ya kutia sahihi. Kwa hiyo cheti naandaa mimi na kukiweka katikati ya ankara anazopaswa kusaini, naye hukisaini.

Kwa anayeondoka mwezi huu: omba cheti kwa maandishi ungali na funguo zao mfukoni, na ubaki na nakala ya barua yako. Siku za likizo zihesabu mwenyewe, usingoje karani. Kama umefukuzwa, hata kwa kosa la kweli, mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako. Wakikataa, nenda ofisi ya leba. Kwa yanayoshindikana huko, mahakama ya ajira ina kituo Kisumu na kingine Nakuru. Na kwa wasimamizi wenzangu, cheti chenyewe ni aya mbili fupi, unabadilisha jina na tarehe. Chetu kiko kwenye kompyuta ya mbele. Anayekitaka apite akinakili, hatutozi.